Finland 95, Afrika Mashariki 8: mwanangu yuko wapi kati ya namba hizi?

"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Alianza kuchoka ovyo, viganja vikapauka, akawa anavilia damu miguuni kama mtu aliyepigwa. Tulimtibu malaria mara mbili, kisha taifodi, ndipo tukapewa rufaa. Hospitali ya rufaa wakamchukua kipimo cha uloto, ule wa ndani ya mifupa, na kutuambia ni saratani ya damu, aina inayoitwa ALL. Sasa yuko wiki ya tatu ya dawa. Dada yangu anaishi Muscat, amenitumia ujumbe kwamba Finland watoto 95 kwa mia wanapona ugonjwa huu na Afrika Mashariki ni 8. Tangu siku hiyo silali. Ndugu wameanza kuchanga tumpeleke India, baba yake anataka kuuza kiwanja. Madaktari wa hapa wanasema anaendelea vizuri, lakini kama namba ndiyo hiyo, je, wananificha? Tuuze tuondoke, au tubaki?"

Marahaba, mama, na pole sana kwa kuuguza. Pole pia kwa ule mzunguko wa malaria na taifodi. Wazazi wengi ninaokutana nao wodini wamepita njia hiyo hiyo kabla ya kufika, na hakuna aliyekuwa mzembe. Mtoto aliyepauka na kuchoka katika nchi yetu hupimwa malaria kwanza, na mara nyingi kweli huwa ni malaria.

Umeuliza mambo mawili: kama madaktari wanakuficha, na kama kiwanja kiuzwe. Nitaanza na namba, maana ndiyo iliyokunyang'anya usingizi na ndiyo inayomsukuma baba mtoto kwa dalali.

Zote mbili, 95 na 8, zimetoka kwa watafiti makini na zimechapishwa katika majarida makubwa ya tiba. Dada yako hakukudanganya. Kosa ni kuziweka bega kwa bega. Ukiambiwa gunia la viazi soko hili ni bei fulani na soko lile ni bei nyingine, mtu anayejua soko atauliza kwanza: gunia lipi, la mzani au lumbesa? Namba za saratani nazo zina lumbesa zake.

Ile 95 inatoka kwenye utafiti uitwao CONCORD-3, uliotolewa mwaka 2018. Walikusanya kumbukumbu za wagonjwa milioni 37.5, wakubwa kwa watoto, kutoka rejesta 322 za saratani katika nchi 71. Kwa watoto waliogunduliwa kati ya 2010 na 2014 kuwa na ugonjwa huu huu wa mwanao, waliokuwa hai miaka 5 baadaye walikuwa asilimia 95.2 Finland na asilimia 49.8 Ecuador. Nchi nyingine zilikuwa kati ya hapo.

Ile 8 ni mnyama mwingine kabisa. Mwaka 2019 kundi lingine la watafiti lilitengeneza mfano wa hesabu kwenye kompyuta ili kukadiria hali ya dunia nzima, zikiwemo nchi zisizo na kumbukumbu za kutosha. Jibu lao, kwa watoto waliogunduliwa na kuwa hai miaka 5 baadaye, lilikuwa asilimia 8.1 kwa ukanda wa mashariki mwa Afrika na asilimia 83 kwa Amerika ya Kaskazini. Ni makadirio, na wenyewe waliandika upana wa shaka yao: ukweli unaweza kuwa chini hadi 4.4 au juu hadi 13.7. Ukanda huo, kwa mgawanyo wa Umoja wa Mataifa, unaanzia Eritrea na Ethiopia hadi Msumbiji, Zimbabwe na Madagaska. Tena ni saratani zote za watoto zimechanganywa, za damu, za ubongo, za figo, za macho, za mifupa, wakati 95 ya Finland ni ya ALL peke yake, ambayo ni miongoni mwa saratani za watoto zinazotibika vizuri zaidi.

Na kuna kundi jingine ambalo hata ile 8 haikulihesabu: watoto ambao ugonjwa wao haukuwahi kugunduliwa. Watafiti hao hao walikadiria kwamba mwaka 2015 watoto wapatao 397,000 duniani walipata saratani, na waliogunduliwa walikuwa 224,000 tu. Waliobaki walikufa na jina lingine: malaria sugu, kukosa damu, kurogwa, "homa tu". Afrika Magharibi walikadiria kuwa zaidi ya nusu hawagunduliwi, ilhali Ulaya Magharibi na Amerika ya Kaskazini wanaokosekana ni kama 3 katika kila 100. Mtoto asiyegunduliwa hatibiwi, na saratani ya damu isiyotibiwa huua ndani ya miezi. Ukiwaingiza watoto wote hao kwenye hesabu, namba haina budi kushuka zaidi. Swali la watafiti lilikuwa kwa ajili ya mawaziri wa afya: katika kila watoto 100 wanaogunduliwa na saratani ya aina yoyote ukanda mzima, tunawaokoa wangapi?

Swali lako ni jingine. Mwanao kagunduliwa. Uloto wake umepimwa, ugonjwa wake umepewa jina sahihi, na dawa zimeanza. Amekwisha kuvuka mto ambao wengi wasiogunduliwa huzama humo, na ugonjwa wake ni kati ya zile zinazotibika vizuri zaidi, tofauti na ule mchanganyiko wa saratani zote. Kwa hiyo, mama, asilimia 8 siyo nafasi ya mwanao. Ikiwa hutakumbuka kitu kingine katika barua hii ndefu, kumbuka hicho.

Je, nafasi yake ni ngapi basi? Ningependa nikupe namba moja safi, lakini nikueleze kwanza kwa nini namba safi ni adimu kwetu. Kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu.

Chukua wodi moja, watoto 100 walioanza dawa. Miaka 5 ikipita unafungua mafaili. Watoto 30 unajua wako hai, umewaona kliniki. Watoto 30 unajua walifariki. Waliobaki 40 hujui walipo. Walikwenda nyumbani baada ya awamu ya kwanza na hawakurudi. Sasa nikikuuliza asilimia ngapi wamenusurika, unasemaje? Ukiwatupa wale 40 nje ya hesabu, utasema 30 kati ya 60, yaani asilimia 50. Ukisema wote 40 wamekufa, ni asilimia 30. Ukiongeza na watoto wengine 100 wa mikoa ile ile ambao hawakufika hospitali kabisa, inakuwa 30 kati ya 200, asilimia 15. Hamsini, thelathini, kumi na tano. Hakuna mtoto hata mmoja aliyebadilika. Kilichobadilika ni kundi unaloligawanyia.

Wanatakwimu wana njia ya kawaida ya kushughulika na waliopotea: mtoto anahesabiwa hadi siku ya mwisho alipoonekana, kisha inachukuliwa kwamba baada ya hapo aliendelea sawasawa na wenzake waliobaki. Finland dhana hiyo haiharibu kitu, kwa sababu kila mkazi ana namba ya utambulisho tangu utotoni, na akifa popote nchini rejesta ya saratani inajua. Kwetu inaharibu vibaya. Mtoto wa ALL aliyeondoka mwezi wa pili na hakurudi hawezi kufanana na aliyebaki kwenye dawa. Kumhesabu kama mwenzake ni kujidanganya kwa kalamu.

Niliwahi kukaa wiki kadhaa na muuguzi mmoja tukiwatafuta waliopotea. Faili moja jina limeandikwa namna tatu. Namba ya simu ni ya mjomba, laini imeshafungwa. Kijiji kimeandikwa jina la kata. Tulimpata mama mmoja kupitia mwenye duka la dawa, akatuambia mtoto yupo, anasoma darasa la nne, hakurudi tu kwa sababu alimwona amepona. Tukakaa kimya wote wawili kwenye simu. Mtoto huyo kwenye kitabu chetu alikuwa amehesabiwa na wafu. Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: kwa kila mmoja kama huyo tulipata wengi ambao jibu lilikuwa kilio.

Ndiyo maana ninaionea huruma Ecuador. Mtu akiisoma orodha ile haraka atasema ndiyo ya mwisho duniani kwa saratani ya damu ya watoto. Si kweli. Ilikuwa ya mwisho kati ya nchi zilizoweza kuhesabu. Tanzania, Kenya na Uganda huzikuti katika orodha ile ya 71. Uganda ina rejesta ya saratani Kampala tangu miaka ya 1950, miongoni mwa za zamani zaidi barani, lakini kuhesabu wanaougua ni kazi moja, na kumfuatilia kila mmoja miaka mitano ni kazi nyingine yenye gharama nyingine. Nchi inayoanza kuhesabu kwa uaminifu huonekana mbaya kuliko jirani yake asiyehesabu.

Na upande wa pili upo: namba inaweza kupanda bila mtoto yeyote kuokolewa. Japani, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, ilipima mkojo wa watoto wachanga nchi nzima kutafuta saratani iitwayo neuroblastoma. Walizipata nyingi, na karibu wote waliogunduliwa hivyo waliishi. Asilimia ikapendeza sana. Kumbe uvimbe mwingi wa umri huo hunywea wenyewe. Walikuwa wanawagundua watoto ambao wasingeumwa kamwe, huku wale wa aina kali wakiendelea kufa kama zamani. Mwaka 2002 majaribio ya Ujerumani na Quebec, Canada, yalionyesha kwamba upimaji huo haupunguzi vifo, na Japani ikausitisha. ALL haiko hivyo, hainywei yenyewe, lakini daktari yeyote akikuonyesha asilimia nzuri muulize iligawanywa kwa nani.

Sasa nisije nikakufanya uamini kwamba tofauti yote ni ya makaratasi. Hapana. Pengo ni la kweli na linaniuma. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Mwaka 2018 likaweka lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030, na ALL ni mojawapo ya saratani sita zilizochaguliwa kuongoza kazi hiyo. Tukitaka kujua pengo linatoka wapi, tuangalie ALL inavyotibiwa.

Mwaka 1948 kule Boston daktari Sidney Farber alionyesha kwa mara ya kwanza kwamba dawa inaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu ya mtoto, ingawa kwa muda mfupi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliyepona alikuwa chini ya mmoja katika kumi. Leo katika nchi tajiri ni kama tisa katika kumi, na sehemu kubwa ya safari hiyo haikuletwa na dawa za ajabu. Ililetwa na dawa chache zilizojulikana tangu zamani, vinkristini, prednisoloni, asparaginasi, methotrexati, mekaptopurini, zikapangwa vizuri zaidi, kwa zamu, kwa muda mrefu, bila kuruka. Nyingi ya hizo ndizo anazopata mwanao. Dripu anayotundikiwa si maji ya maskini.

Kinachotofautiana ni kila kitu kinachoizunguka dripu. Dawa za awamu ya kwanza huua chembe za saratani na wakati huo huo huzishusha chembe nyeupe nzuri, zile zinazopigana na vijidudu. Finland mtoto akipata homa saa nane usiku, antibayotiki ya mshipani inaingia ndani ya saa moja. Kwetu homa hiyo inaweza kumkuta yuko nyumbani, kilomita mia mbili kutoka wodini, na basi ni la asubuhi. Huko chembe sahani, zile za kuzuia damu kutoka, zipo tayari kwenye benki ya damu, kwetu zinasubiri ndugu achangie damu. Asparaginasi inakwisha stoo. Mtoto ameingia na utapiamlo, mwili hauhimili dozi. Ndiyo sababu pia madaktari wetu wakati mwingine hupunguza ukali wa dawa kwa makusudi. Kwa uvimbe wa Burkitt, ule wa taya alioueleza Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala, dozi kali kabisa za Ulaya huponya zaidi pale penye chumba cha wagonjwa mahututi cha watoto. Pasipo hicho zinaweza kuua wengi kuliko zinaowaponya. Daktari anayekata dozi hapo anajua anachofanya.

Halafu kuna kuacha matibabu. Kama ningepewa nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu, ningechagua hiki. ALL hutibiwa miaka miwili hadi mitatu. Baada ya mwezi wa kwanza mtoto hunenepa, anacheza, ananyoosha shavu. Mzazi anaona amepona, nauli ni nzito, shamba limelala, wadogo zake wako kwa jirani. Utafiti uliofanyika Eldoret, Kenya, ulionyesha kwamba watoto wasio na bima ya afya waliacha matibabu zaidi kuliko wenye bima. Ugonjwa ule ule, wodi ile ile, madaktari wale wale. Na Recife, mji wa kaskazini mashariki mwa Brazil wenye umaskini mwingi, walifanya jambo ambalo nalisimulia kila ninapopata nafasi. Miaka ya 1980 watoto wa ALL waliopita miaka 5 bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 32. Kwa waliotibiwa kati ya 1997 na 2002 ilikuwa 63. Walitengeneza wodi maalumu na wauguzi wake, nyumba ya kufikia wazazi, nauli, chakula, maofisa wa ustawi wa jamii wanaomfuata mtoto asiyetokea. Walioacha matibabu walikuwa asilimia 16, wakashuka hadi nusu ya asilimia moja. Nauli na kitanda cha mama vilikuwa sehemu ya dawa.

Kwa wasomaji wengine ambao mtoto hana jina la ugonjwa bado, niongeze la kuchelewa. Utafiti mmoja mkubwa wa saratani ya jicho la mtoto, retinoblastoma, uliwaangalia watoto zaidi ya 4,000 waliogunduliwa mwaka 2017. Katika nchi tajiri nusu yao waligunduliwa kabla ya miezi 14. Katika nchi maskini zaidi ilikuwa miezi 30. Huko kwa matajiri saratani iliyokwisha kusambaa mwilini ilikuwa chini ya mmoja katika mia, kwa maskini ilikuwa karibu mmoja katika watano. Mboni ikiwaka nyeupe kwenye picha ya flashi, tumbo likiwa na uvimbe mgumu upande mmoja, taya likivimba ndani ya wiki chache, au kupauka na kuvilia damu kusikoisha baada ya dawa ya malaria, mpeleke mtoto hospitali inayopima damu kamili, siyo duka la dawa.

Nirudi kwako na kiwanja.

Wiki ya tatu ndipo damu ya mwanao iko chini kuliko wakati wowote. Kumpakia kwenye ndege sasa, masaa mengi katikati ya watu wanaokohoa, chembe nyeupe hakuna, chembe sahani chache, ni hatari ambayo siwezi kuibariki, hata kama hospitali inayomsubiri ni bora kuliko zote. Mwisho wa wiki ya nne au ya tano atapimwa tena uloto kuona kama chembe za saratani zimesafika. Kipimo hicho kitakuambia habari za mwanao kuliko Finland na Ecuador kwa pamoja. Kisubiri kabla ya kuamua lolote.

India wana vituo vya hali ya juu kabisa, na wana wagonjwa wengi wanaokosa dawa kama sisi. India haina namba moja tu ya kuisemea yote. Asilimia tisini na kitu unayotumiwa na wakala kwenye WhatsApp mara nyingi ni ya waliolipa, waliofika wakiwa na nguvu na waliomaliza dozi. Hata wodi yangu ningewachagua watoto wa aina hiyo tu ningejisifu. Kingine, matibabu ni miaka miwili au zaidi. Kiwanja kitalipia miezi mingapi ya huko, pamoja na chumba, chakula, viza na nauli ya mama? Hofu yangu kubwa ni pesa kukatika katikati. Mtoto aliyeanza protokali moja, yaani mpangilio mmoja wa dawa, hapa, akahamia nyingine kule, akarudi katikati ya mwezi wa saba na karatasi ambazo hazikukamilika, yuko pabaya kuliko angebaki. Nimewapokea watoto wa namna hiyo, na ni kesi ngumu.

Kwenda nje kuna mahali pake. Kama ugonjwa haukusafika baada ya awamu ya kwanza, kama umerudi, kama anahitaji kupandikizwa uloto, au kuna kipimo kinachoamua dawa na hapa hakipo, hapo nitakuwa wa kwanza kukuandikia rufaa, na safari ipangwe daktari kwa daktari, jopo likiwa limekaa. Sitakuficha pia kwamba matajiri wanaendelea kusogea. Mwishoni mwa 2024 yalitoka matokeo ya dawa ya blinatumomabu kwa watoto wa ALL ya chembe B (inayoanzia kwenye chembe nyeupe ziitwazo B) isiyo ya hatari kubwa: waliopewa dawa za kawaida na hiyo, asilimia 96 walikuwa hawana ugonjwa baada ya miaka mitatu, waliopewa za kawaida tu, kama 88. Ni hatua kubwa, na bei yake kwa sasa iko mbali na familia nyingi, hata za huko. Lakini tazama ile 88. Ni dawa za zamani, zikitolewa zote, kwa wakati, na homa zikikimbiliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama ungekuwa dada yangu wa tumbo moja: kiwanja kisiuzwe mwezi huu. Michango ya ndugu isirudishwe, ifunguliwe akaunti iitwe nauli na chakula cha miaka miwili. Pangeni nani atabaki na wadogo zake, na chumba karibu na hospitali kwa miezi ya mwanzo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ueleze hali yenu bila aibu. Kama kuna msamaha wa gharama, wao ndio wanaoujua mlango. Uliza pia kuhusu Tumaini la Maisha, shirika linalofanya kazi na wodi ya watoto wenye saratani Muhimbili na hospitali kadhaa za mikoani, kama wodi yenu imo katika mtandao huo.

Kuhusu kufichwa: sidhani. "Anaendelea vizuri" katika wiki ya tatu kwa kawaida maana yake ni kwamba chembe za saratani zinapungua na mtoto anahimili dawa. Lakini una haki ya kuambiwa zaidi, na maswali haya hayamkeri daktari mzuri. Je, ni ya chembe B au T? Chembe nyeupe siku ya kwanza zilikuwa ngapi? Mtoto wa mwaka mmoja hadi tisa aliyeanza na chini ya 50,000, na aina yake ni ya B, huwekwa kundi la hatari ndogo zaidi, na kwa umri mwanao yuko upande mzuri. Je, ugonjwa umeonekana kwenye maji ya uti wa mgongo? Dawa zipi za awamu zijazo huwa zinakwisha stoo, ili tujue mapema? Na lile ambalo wazazi huogopa kuuliza: kati ya watoto walioanza ALL hapa miaka mitano iliyopita, wangapi mnajua wako hai, na wangapi hamjui walipo? Akikujibu kwa namba mbili badala ya moja, huyo anakuheshimu.

Mkiwa nyumbani kati ya awamu, kuna mambo ambayo hayasubiri ujumbe wala ushauri wa mtu kama mimi. Joto likifika 38, hata akiwa anacheza, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Usimpe panadoli ukangoja kuche. Damu puani au fizini isiyokoma, kuhema kwa shida, kichwa kikali na kutapika, kulegea au degedege, vivyo hivyo. Akikaa karibu na mtoto mwenye surua au tetekuwanga, piga simu wodini siku hiyo hiyo kabla upele haujatokea kwake. Asichomwe sindano za msuli mtaani. Na dawa za miti zisiingie bila daktari wake kujua, hata kama zimeletwa na mtu mnayempenda. Baadhi huumiza ini, na ini lake sasa hivi lina kazi ya kutosha.

Na ukipita kwa muuguzi wa kliniki, hakikisha kwenye faili zimeandikwa namba tatu za simu: yako, ya baba yake, na ya huyo dada yako wa Muscat, maana yeye habadilishi laini kama sisi. Waambie jina la mtoto liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Miaka mitano ijayo kuna mtu atafungua faili hilo akitaka kujua, na ningependa apige simu ipokelewe.